Roketi au kombora? Swali la Shaba sasa liko pwani ya Somalia

*Miaka ya sabini sehemu kubwa ya kaskazini mwa Shaba ilikodishwa kwa kampuni ya roketi kwa mkataba ambao umma haukuonyeshwa. Nusu karne baadaye, kituo kingine cha kurushia roketi kinapangwa katika ukanda wetu, na waliopaswa kuuliza maswali bado wako kimya.*

Juni 5, 1978, Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire alifika mwenyewe kwenye uwanda wa Kapani Tonneo, kaskazini mwa jimbo la Shaba, kuona roketi ikirushwa. Uwanda ule umeinuka juu ya bonde la mto Luvua, na Wajerumani walikuwa wamejenga jukwaa lao hapo. Injini zikawaka, roketi ikapanda kidogo, ikalala upande, kisha ikaangukia bondeni mbele ya macho ya rais na msafara wake.

Ilikuwa ya tatu kurushwa pale. Ya kwanza iliondoka Mei 17, 1977. Ya pili ilirushwa Mei 20, 1978, siku moja tu baada ya askari wa miamvuli wa Ufaransa kushuka Kolwezi, katika jimbo hilo hilo, kupambana na wapiganaji waliotokea Angola. Mtu wa Luanda au wa Lusaka aliyesikia wiki ile kwamba kuna Wajerumani wanarusha roketi Shaba alikuwa na jambo moja la kuuliza: ni roketi ya nini?

Hakupata jibu la kuridhisha. Swali hilo sasa linaihusu Somalia, na safari hii sisi ndio majirani.

Eneo kubwa kuliko Rwanda na Burundi

Kampuni yenyewe iliitwa OTRAG. Mwanzilishi wake, mhandisi Lutz Kayser, alitaka roketi ya bei nafuu ya kupeleka setilaiti angani. Badala ya kujenga injini moja kubwa, alichukua mabomba membamba, kila moja na injini yake, akayafunga pamoja kama tita la kuni. Mzigo ukizidi, unaongeza mabomba. Yalitumia mafuta ya jamii ya dizeli pamoja na asidi ya nitriki, na vali zake ziliendeshwa na mota za kupangusia vioo vya magari.

Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, mtu aliyekiongoza kituo cha Kennedy kule Florida wakati Wamarekani wanakwenda mwezini. Kabla ya hapo, katika Vita vya Pili vya Dunia, Debus alifanya kazi kwenye V-2, kombora la Hitler lililoangamiza nyumba za watu London na Antwerp. Wasifu huo peke yake ulitosha kuwanyima watu usingizi.

Ujerumani Magharibi haikuweza kuwa uwanja wa kazi hii. Mikataba ya baada ya vita iliizuia kutengeneza makombora ya masafa marefu. Zaire ya Mobutu ilikuwa na ardhi, na ilihitaji fedha.

Mkataba uliipa kampuni eneo la kilometa za mraba zipatazo 100,000, hadi mwisho wa mwaka 2000. Rwanda na Burundi ukiziunganisha hazifiki 55,000. Upande wa mashariki eneo hilo lilielekea Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa ni Tanzania. Maandishi ya mkataba yalipovuja na kuchapishwa Ulaya mwaka 1977, wasomaji walikuta vifungu vizito: wafanyakazi wa kampuni walipewa kinga ya kisheria, na serikali ilibeba wajibu wa kuwahamisha watu pale kampuni itakapohitaji.

Hili lilitokea katika jimbo ambalo lilikuwa limekwisha kutoa urani ya Shinkolobwe, ile iliyoingia katika bomu la Hiroshima. Watu wa Shaba hawakuulizwa mara ya kwanza, na mara ya pili pia hawakuulizwa.

> Kilometa za mraba 100,000, hadi mwaka 2000, kwa mkataba ambao umma haukuonyeshwa.

Kila upande na hoja yake

Vyombo vya habari vya Moscow vilidai kwamba Ujerumani Magharibi inajaribu silaha Afrika kwa kisingizio cha setilaiti. Angola, ambayo ilikuwa katika uhasama wa wazi na Mobutu, ilijiona ndiyo inayolengwa. Kampuni ilijibu kwamba chombo chake ni cha biashara na hakiwezi kulenga shabaha. Wataalamu wengi wa nchi za Magharibi waliafiki: tita lile la mabomba lingekuwa silaha duni.

Kwa roketi ile ndogo, naamini walisema kweli. Lakini majirani hawakuwa wakiogopa roketi ya siku ile. Waliogopa kitakachotengenezwa miaka kumi baadaye ndani ya eneo ambalo hakuna mkaguzi anayeruhusiwa kuingia.

Hofu hiyo ina msingi katika sayansi yenyewe. Kombora la balistiki husukumwa na injini kwa dakika chache tu; baada ya hapo injini huzima na kichwa chake huendelea kwa kasi iliyokwisha kupatikana, hupita juu, kisha huanguka kwenye shabaha. Roketi ya setilaiti hufanya kazi ile ile ya mwanzo, isipokuwa inakwenda kwa kasi kubwa zaidi, karibu kilometa 7.8 kwa sekunde, ili mzigo wake usianguke tena. Injini, matangi, namna ya kutenganisha hatua moja na nyingine, vyombo vya kuongoza: vyote ni ndugu. Kinacholitofautisha kombora hasa ni kichwa chenye ngao ya kuhimili joto kinaporudi katika hewa ya dunia, na usahihi wa kulenga.

Kwa hiyo mtu akisimama mbali na kutazama moshi ukipanda, hawezi kujua. Lazima aingie akague, au asome karatasi.

Aprili 1979 Mobutu, akibanwa na wakubwa wa Mashariki na Magharibi, aliifukuza OTRAG. Ikahamia Libya. Machi 1981 ilirusha roketi jangwani karibu na Sabha. Serikali ya Ujerumani Magharibi ikaibana hadi ikaondoka, lakini vifaa vikabaki mikononi mwa Gaddafi. Hapo ndipo waliokuwa na wasiwasi tangu Shaba walipopata ushahidi wao: kampuni inaweza kuja na nia ya biashara, na ikaondoka ikimwachia mwenyeji ujuzi na mashine.

Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilitumia mlango huo huo. Julai 1989 ilirusha roketi kubwa kutoka uwanja wa Overberg, karibu na Arniston, katika mradi ulioelezwa kuwa wa setilaiti, wakati nchi hiyo ilikuwa na mabomu ya nyuklia kabatini. Mradi ulifutwa miaka ya tisini, mitambo ikaharibiwa, na mwaka 1995 nchi hiyo ikajiunga na mfumo wa kimataifa wa kudhibiti teknolojia ya makombora, MTCR. Mpaka leo ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyomo.

Mbona Malindi haikuogopesha mtu?

Pwani ya Kenya nayo ilirusha roketi. Katika bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya San Marco. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilipelekwa angani kutoka pale. Mojawapo iliondoka Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota.

Roketi iliyoibeba, Scout ya Marekani, ilikuwa na damu ya kombora. Injini ya hatua yake ya pili ilitokana na Sergeant, kombora la jeshi la nchi kavu la Marekani. Hata hivyo hakuna jirani aliyepiga kelele kama zile za Shaba. Ilijulikana nani anarusha, nini kinarushwa na kwa kazi gani. Setilaiti zilionekana zikizunguka, na matokeo yake yakasomwa na wanasayansi wa dunia nzima. Wakenya wana malalamiko yao kuhusu mgawo wa faida ya kituo kile, na ni ya haki, lakini hayo ni malalamiko ya pesa, si ya hofu.

Tofauti ya Malindi na Shaba, basi, haikuwa katika injini.

Shehena chini ya saruji

MTCR ilianzishwa mwaka 1987 na nchi saba tajiri. Leo ina wanachama 35. Kanuni yake kuu ni kutouza chombo kinachoweza kubeba mzigo wa kilo 500 kwa masafa ya kilometa 300 au zaidi. Ni makubaliano ya hiari, na yanahusu kuuza: mwanachama anaweza kujitengenezea makombora yake mwenyewe. Mwaka 2002 ulifuata Mwongozo wa The Hague, ambao zaidi ya nchi 140 zimeukubali. Huo unazitaka nchi kutoa taarifa kabla ya kurusha, iwe kombora au roketi ya anga. Nao hauna adhabu. Mkataba wa Pelindaba umepiga marufuku silaha za nyuklia barani Afrika, lakini haugusi makombora yanayoweza kuzibeba.

Jinsi matundu haya yalivyo makubwa ilionekana katika bahari yetu wenyewe. Desemba 2002, wiki mbili tu baada ya Mwongozo wa The Hague kuzinduliwa, manowari ya Hispania iliisimamisha meli iitwayo So San katika Bahari ya Arabuni. Ilitoka Korea Kaskazini. Mabaharia walipoondoa magunia ya saruji walikuta makombora 15 ya Scud yakielekea Yemen.

Meli ile iliachiwa. Yemen ilisema imeyanunua kihalali, na Marekani ilikiri kwamba hakuna sheria ya kimataifa inayoruhusu kuyachukua. Makombora yakafika bandarini.

Scud ilikuwa imekwisha kuzunguka sana kabla ya siku ile. Ilitengenezwa na Urusi ya Kisovieti, ikauzwa Misri. Misri ikaipatia Korea Kaskazini, ambayo iliifungua, ikajifunza, ikaanza kuitengeneza na kuiuza. Iran ilipata za kwanza kutoka Libya katikati ya miaka ya themanini, kisha nyingine nyingi kutoka Korea Kaskazini, ikaendelea hadi ikawa na viwanda vyake. Na Wahouthi, waasi wa Yemen, walipoiteka Sanaa mwaka 2014, maghala ya jeshi la Yemen yakawa yao. Juni 2015 walirusha Scud kuelekea Saudi Arabia. Baada ya hapo msaada wa Iran uliwafikisha mbali zaidi.

Mkono mmoja humpa mwingine, na kila anayepokea anaongeza ujuzi wake. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa limeripoti kwamba Wahouthi na Al-Shabaab wamekutana kuzungumzia silaha. Kati ya Yemen na Somalia ni Ghuba ya Aden tu.

Ngao inayovuja

Wapo wanaosema dawa ya makombora ni mitambo ya kuyatungua. Imeokoa maisha mengi, hilo halina ubishi. Aprili 2024 Iran iliielekezea Israeli droni na makombora zaidi ya 300 kwa usiku mmoja, na karibu yote yalitunguliwa kwa msaada wa Marekani, Uingereza, Ufaransa na Jordan. Oktoba mwaka huo Iran ilirudi na makombora ya balistiki yapatayo 200, na safari hii kadhaa yalipenya hadi kambi ya ndege ya Nevatim.

Tatizo la ngao ni kwamba lazima ishike kila mara. Februari 25, 1991, wakati wa vita vya Ghuba, Scud ya Iraq iliangukia bweni la askari wa Marekani karibu na Dhahran, Saudi Arabia. Mtambo wa kutungua makombora wa Patriot ulikuwepo, umewashwa, na haukurusha kitu. Kompyuta yake ilikuwa imefanya kazi kwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na kosa dogo la kuhesabu muda lilikuwa limekua hadi kufikia theluthi ya sekunde. Kwa kasi ya Scud, theluthi ya sekunde ni zaidi ya nusu kilometa: rada ilitazama mahali ambapo kombora halipo. Askari 28 walikufa. Programu ya kurekebisha kosa hilo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Ilifika Dhahran kesho yake.

Kisha kuna gharama. Katika Bahari ya Shamu, zikipambana na Wahouthi, manowari za Marekani zilirusha makombora ya kujilinda ya dola zaidi ya milioni 2 kila moja, mara nyingine kuangusha droni ya maelfu machache ya dola. Hata hivyo meli za biashara zilipigwa. Machi 6, 2024 kombora la balistiki liliipiga True Confidence na kuua mabaharia watatu, Wafilipino wawili na Mvietnam mmoja. Mapato ya Mfereji wa Suez yalianguka kutoka dola bilioni 10.25 mwaka 2023 hadi karibu bilioni 4 mwaka uliofuata.

Na sisi tuliguswa. Meli ya Rubymar ilipigwa Februari 18, 2024 ikiwa na tani zipatazo 21,000 za mbolea. Wafanyakazi waliikimbia, nanga ikiwa majini, na meli ikawa inasukumwa na maji kwa siku kadhaa kabla ya kuzama. Katika siku hizo mikongo mitatu ya mawasiliano ilikatika chini ya bahari, mmojawapo Seacom, unaounganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia. Maofisa wa Marekani walisema yaelekea nanga ile ndiyo iliyoikata.

> Nchi isiyo na Patriot inalindwa na kitu kimoja: kujua mapema nini kinarushwa, na nani, na kwa nini.

Sasa ni Somalia

Septemba 2024 habari zilitoka kwamba Uturuki inazungumza na Somalia kuhusu kituo cha kurushia roketi za anga na kujaribia makombora. Serikali ya Somalia baadaye ilithibitisha mpango wa kituo cha anga.

Wanaouunga mkono wana hoja nzito, na si haki kuzipuuza. Somalia inakatwa na ikweta. Hapo mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi kuelekea mashariki kwa kasi ya kilometa 1,670 kwa saa, zawadi ambayo kituo cha Baikonur cha Kazakhstan hupata kwa upungufu. Mashariki ni Bahari ya Hindi tupu, hakuna mji wa kuangukiwa na mabaki. Nchi iliyopitia zaidi ya miaka thelathini ya vita ina haki ya kutafuta kipato na ajira za kitaalamu. Na Uturuki si mgeni wa jana: imejenga hospitali, imeendesha bandari, na tangu 2017 ina kambi Mogadishu inayofunza askari wa Somalia.

Lakini Uturuki ni nchi inayotengeneza makombora ya balistiki. Oktoba 2022 ilijaribu kombora lake la Tayfun kutoka Rize, likaruka zaidi ya kilometa 560 juu ya Bahari Nyeusi. Kwa masafa marefu zaidi bahari ile haitoshi. Inahitaji bahari kubwa, na bahari hiyo ni yetu, yenye wavuvi wa Kismayo, Lamu na Pemba, na meli zinazoingia Mombasa.

Uturuki ni mwanachama wa MTCR tangu 1997, na hilo ni jambo la kutuliza. Lakini kama tulivyoona, MTCR inahusu kuuza. Kujaribu kombora lako mwenyewe kwenye ardhi ya rafiki ni jambo ambalo waandishi wake hawakulifunga kwa nguvu. Ongeza Al-Shabaab, wanaoshikilia sehemu kubwa za vijijini kusini mwa nchi. Uwanja wenye injini, mafuta ya roketi na wataalamu wa kigeni ni shabaha inayowavutia.

Somalia haiko peke yake. Januari 2023 Djibouti ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni ya Hong Kong kwa kituo cha anga cha dola bilioni 1 huko Obock. Kampuni binafsi, ardhi ya Afrika, mkataba wa miaka mingi: aliyeisoma habari ya OTRAG atashtuka.

Binafsi sitaki vituo hivi vizuiwe. Nataka viwe Malindi, visiwe Shaba. Na njia ipo, kwa sababu kuna jambo moja ambalo mwaka 1978 halikuwepo. Kongo, ile Zaire ya zamani, ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na Somalia tangu Machi 2024. Jumuiya ina Itifaki ya Amani na Usalama, na ina bunge.

Waheshimiwa wabunge mnaokutana Arusha, ombeni mkataba wa Somalia na Uturuki uwekwe mezani na usomwe hadharani. Ulizeni kama unaruhusu kujaribu makombora, na ya masafa gani. Takeni kila urushaji utangazwe mapema kwa marubani, manahodha na wavuvi, na wakaguzi wa Jumuiya waruhusiwe kuona mzigo uliowekwa juu ya roketi kabla haijaondoka. Mwongozo wa The Hague tayari unahimiza waangalizi waalikwe. Fanyeni hivyo kabla ya roketi ya kwanza kusimamishwa kwenye jukwaa, kwa sababu mkataba wa Shaba ulifika kwa wananchi ukiwa umekwisha kutiwa saini.